Ngoma za pembezoni mwa Dar na kumbukumbu ya utumwa isiyosemwa

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anayepanda daladala kutoka katikati ya Jiji la Dar es Salaam kwenda Mbagala, wilayani Temeke, hupita Barabara ya Kilwa. Anayekwenda Tegeta au Bunju, wilayani Kinondoni, hufuata Barabara ya Bagamoyo. Majina hayo mawili tumeyazoea kiasi kwamba hatujiulizi tena yanatukumbusha nini.

Kilwa na Bagamoyo ni miji ambayo katika karne ya 19 ilijulikana katika pwani yote ya Bahari ya Hindi kwa biashara ya pembe za ndovu na ya binadamu. Mji wetu ulizaliwa katikati ya njia hizo mbili, na watu waliolazimishwa kuzipita waliacha wajukuu na vitukuu ambao baadhi yao ni majirani zetu wa leo.

Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Uingereza wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa njia ya bahari. Wengi hudhani kwamba siku hiyo biashara ilikoma. Ukweli ni kwamba wafanyabiashara waliteremka kwenye majahazi na kushika njia ya nchi kavu.

Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa mwaka 1874, Frederic Elton, ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alisafiri kwa nchi kavu kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Katika muda wa takriban mwezi mmoja alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 wakiswagwa kuelekea kaskazini, wengi wao wakikusudiwa kuvushwa kwa siri hadi Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, hivyo mashamba ya Pemba yalihitaji mikono mingi kuliko wakati wowote.

Barabara ya lami ya leo si lazima ikanyage nyayo zilezile. Lakini nchi waliyoipita watu wale ndiyo hii tunayoiita Temeke, na nchi iliyokuwa mbele yao ndiyo hii tunayoiita Kinondoni.

Swali la kujiuliza ni hili: kumbukumbu ya watu hao iko wapi? Haimo katika majina ya mitaa, wala hakuna mnara wa kuionesha. Makala haya yanajenga hoja kwamba sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika ngoma, na kwamba jiji letu halina muda mrefu wa kuisikiliza.

Mji uliojengwa na mikono isiyotajwa

Historia tunayofundishwa shuleni inasema Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Mara chache inaongezwa kwamba sehemu ya kazi hiyo, pamoja na ile ya mashamba ya minazi yaliyouzunguka mji, ilifanywa na watumwa.

Majengo machache ya enzi hiyo bado yamesimama. Boma la Kale, lililojengwa kati ya mwaka 1866 na 1867, limekarabatiwa na kuwa kituo cha historia ya usanifu wa majengo ya jiji. Lingine ni Atiman House, ambalo lilikuwa la ukoo wa Sultani kabla ya kumilikiwa na wamisionari wa Kikatoliki.

Wapita njia wengi hawajui kwamba Adrian Atiman, ambaye jengo hilo limepewa jina lake, alikuwa mtumwa. Alitekwa utotoni katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta na kuwatibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi alipofariki dunia mwaka 1956. Yaani mtu aliyewahi kununuliwa na kuuzwa amefariki wakati TANU imekwishazaliwa. Utumwa si jambo la kale sana kama tunavyopenda kujifariji.

Sheria nazo zinathibitisha hilo. Zanzibar utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Wajerumani huku bara hawakuufuta. Walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Tanganyika ilibidi isubiri hadi mwaka 1922, chini ya Waingereza, ndipo utumwa ukafutwa kabisa. Mtu mwenye umri wa miaka 80 leo anaweza kabisa kuwa mjukuu wa mtu aliyekuwa na bwana.

Kwa nini familia zinanyamaza

Sababu ya kwanza ya ukimya ni aibu. Katika jamii za pwani, kumwambia mtu kwamba babu yake alikuwa mtumwa, au bibi yake mjakazi, ni tusi ambalo limewahi kuvunja ndoa na kuhamisha watu mitaa. Kwa hiyo wazee walichagua kunyamaza ili watoto wao waolewe, waoe na wazikwe kwa heshima.

Walibadili pia majina na asili zao. Wanahistoria wa Zanzibar wanaeleza kwamba idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka kwa kiasi kikubwa kati ya sensa ya mwaka 1924 na ile ya mwaka 1931. Watu hao hawakufa wala hawakuhama. Jina Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, wakatafuta jina jingine.

Sababu ya pili ni siasa. Habari za utumwa zimetumika mara nyingi, hasa visiwani, kuwa fimbo ya kuchapia upande mmoja. Hivyo watu wenye busara huona ni heri kutogusa kidonda.

Hofu hiyo ina msingi, lakini inasahau kwamba biashara ile ilikuwa na mikono mingi. Walikuwamo wenye mitaji Unguja, watawala wa bara waliouza mateka wao, na ndugu waliowekana rehani wakati wa njaa. Wafaransa nao walikuwamo: mwaka 1776 Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka.

Na walikuwamo wateja wa mbali ambao hawakuwahi kuiona Afrika. Pembe nyingi zilizotoka bara kupitia Unguja zilipelekwa katika miji ya Deep River na Ivoryton, jimboni Connecticut nchini Marekani, kuchongwa vibao vya piano. Muziki uliopigwa katika sebule za huko ulikuwa na deni katika njia ya Ujiji na Bagamoyo.

Historia yenye washiriki wengi kiasi hicho haiwezi kuwa mali ya kabila moja, dini moja wala chama kimoja. Ndiyo maana inafaa isimuliwe kwanza na wale iliowaumiza, kwa lugha waliyoichagua wenyewe. Lugha hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ngoma.

Ngoma ilikuwa cheti cha uraia

Mwanahistoria Jonathon Glassman, aliyechunguza Pangani na miji mingine ya Mrima katika karne ya 19, ameonesha kwamba watumwa na watu wa kuja walipigania sana haki ya kushiriki karamu na ngoma za mji. Halikuwa suala la starehe. Aliyeruhusiwa kucheza alitambuliwa kuwa mtu wa mji, na aliyefukuzwa uwanjani alikumbushwa kwamba yeye ni mali ya mtu.

Margaret Strobel, aliyeandika kuhusu wanawake wa Mombasa, alikuta kwamba unyago wa mjini humo uliletwa na wanawake watumwa kutoka bara, hasa pande za Ziwa Nyasa. Kwa miaka mingi mabibi waungwana waliutazama kwa dharau, kisha wakaanza kuwapeleka mabinti zao. Aliyekuwa mjakazi akawa somo, na binti wa bwana akaketi mbele yake kufundwa.

Unguja nako hali ilifanana na hiyo. Unyago ambao marehemu Bi Kidude aliuongoza kwa miongo mingi, hadi alipofariki Aprili 2013, una asili ya bara, na ngoma zake ni mashahidi wa safari ambazo hati za forodha hazikuziandika.

Siti binti Saad ndiye mfano mkubwa zaidi. Alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880 katika familia yenye asili ya utumwa, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Taarabu, iliyokuwa burudani ya kasri kwa Kiarabu, ilishuka Ng'ambo na kuwa sauti ya wapika maandazi na wachukuzi. Shaaban Robert hakukosea kuandika wasifu wake.

Dar es Salaam nayo ina ukurasa wake. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, anaeleza jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyoshindana katika mji huu kwa magwaride, vyeo na sare. Marini walijihesabu kuwa watu wa juu. Arinoti iliwavuta zaidi watu wa bara, vibarua na wasio na ukoo wa kujivunia. Kwa mtu ambaye baba yake hakuwa na haki hata ya jina, kuitwa kanali katika chama cha ngoma halikuwa jambo la mzaha.

Mtandao huo haukupotea bure. TANU ilipotaka kuwafikia wanawake wa Dar es Salaam mwaka 1955, ilimtuma Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, naye akapitia vikundi vya ngoma. Msomi Susan Geiger amelieleza hilo kwa kirefu. Uwanja ambao mnyonge aliutumia kudai utu wake ukawa uwanja wa kudai uhuru wa nchi.

Wenzetu ng'ambo wamekwishaamka

Waliopelekwa mbali waliondoka mikono mitupu, lakini ngoma waliyokuwa nayo kichwani haikunyang'anyika. Leo vizazi vyao vinaionesha dunia bila haya.

Huko Reunion kuna maloya, muziki wa wazawa wa watumwa uliobezwa na kubanwa kwa muda mrefu kabla ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) kuuingiza mwaka 2009 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Sega ya Mauritius ilifuata mwaka 2014, na moutya ya Shelisheli mwaka 2021. Watumwa wengi waliofikishwa visiwa hivyo walitoka Msumbiji na Kilwa.

Huko Gujarat, India, jamii ya Wasidi wenye asili ya Afrika wanacheza ngoma wanayoiita goma. Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa neno hilo. Nchini Oman na kwingineko katika Ghuba kuna lewa, ngoma ya watu wenye asili ya pwani yetu, ambayo nyimbo zake zimebeba maneno ya Kiswahili.

Karibu zaidi kuna habari ya Wazigua. Baadhi yao walichukuliwa katika karne ya 19 hadi Somalia, wakaihifadhi lugha yao kwa zaidi ya miaka 100, na vita vya nchi hiyo vilipowafurusha, wengine walirejea Tanzania na kupewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Walipokelewa kama wakimbizi katika nchi ya mababu zao, na lugha na nyimbo zao ndizo zilizothibitisha kwamba walikuwa wanarudi nyumbani.

Dar imefanya nini?

Haitakuwa haki kusema hakuna kilichofanyika. Bagamoyo ina taasisi ya sanaa iliyoanza kama chuo mwaka 1981 na tamasha lake linalojulikana nje ya mipaka. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya watumwa na pembe, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Mwaka 2011 iliridhia mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi usioshikika.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo imejikita katika magofu, minyororo na watalii. Mgeni hupelekwa Bagamoyo au Mkunazini, huoneshwa jiwe, husikitika, kisha hurudi hotelini. Mkazi wa Tandika au Mwananyamala, ambaye huenda ana damu ya waliopita huko, hahusishwi kwa lolote.

Kinondoni kuna Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kilianzishwa katika miaka ya 1960 kuonesha nyumba za jadi za makabila yetu, na ngoma huchezwa hapo. Ni kazi njema inayostahili pongezi.

Lakini mpangilio wake unatufundisha jambo bila kukusudia. Kila nyumba pale ina kabila lake, na kila ngoma inatajwa kwa kabila lake. Mtu aliyeporwa kabila akiwa na miaka saba, akapewa jina la siku aliyonunuliwa, akalelewa shambani na Wayao, Wamwera, Wangindo na Wamanyema, ana nyumba gani? Hana. Yeye alijenga nyumba yake katika ngoma za mchanganyiko na katika lugha ya Kiswahili, ambayo leo ni ya taifa zima.

Zipo pia kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo miongoni mwake mna ngoma zilizorekodiwa pembe zote za nchi wakati wazee waliozaliwa chini ya utumwa walikuwa bado hai. Kanda hazina tofauti na binadamu, zinazeeka. Kila mwaka unaopita bila kuzihamishia katika mfumo wa kidijitali ni mwaka wa kupoteza sauti.

Tahadhari kwa wenye shauku

Kuna hatari ya upande wa pili, nayo ni kuuona utumwa kila penye ngoma. Mdundiko wa Wazaramo, unaopita mitaani mwali anapotolewa, ni mila ya wenyeji yenye sababu zake. Mchiriku uliokua katika mitaa hii hii, na singeli iliyofuata, ni kazi ya vijana wa mjini waliokosa vyombo vya bei ghali wakatumia vinanda vidogo na kompyuta. Kuwaambia kwamba wanacheza utumwa ni kuwadhulumu ubunifu wao.

Hata wapagazi wa misafara hawakuwa wote watumwa. Utafiti umeonesha kwamba Wanyamwezi wengi walibeba mizigo kwa ujira, na walijivunia kazi hiyo na nyimbo zake. Jina lenyewe la Bagamoyo, ambalo viongozi wa watalii hulieleza kuwa kilio cha mtumwa, wengine wanalifasiri kuwa pumziko la mpagazi anayetua mzigo. Mradi wowote wa urithi utakaoanza kwa kuchagua maelezo yanayouzika zaidi utakuwa umeshindwa kabla ya kuanza.

Nini kifanyike

Kwanza, kazi ianzie mitaani. Halmashauri za Temeke na Kinondoni zina maofisa utamaduni, zina shule za sekondari kila kata, na zina vikundi vya ngoma vinavyojulikana hadi kwa wajumbe wa nyumba kumi. Kijana mwenye simu anaweza kumrekodi bibi yake akieleza ngoma aliyofundwa nayo, aliyemfunda na huyo alitoka wapi. Gharama ya kazi hiyo haifiki ya semina moja ya hotelini.

Pili, ridhaa ya mwenye habari iwe sharti. Asilazimishwe mtu kutangaza kwamba ukoo wake ulikuwa wa watumwa. Anayetaka jina lake lifichwe, lifichwe. Yaliyo ya siri katika unyago yabaki kuwa ya siri, kwani si kila kinachohifadhiwa lazima kioneshwe jukwaani.

Tatu, wazee walipwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua sanaa za jadi kuwa kitu cha kulindwa. Itakuwa kejeli ya ajabu kuchukua bure, kwa mara ya pili, jasho la watu ambao mababu zao walifanya kazi bila ujira.

Nne, nakala zirudi zilikotoka. Mara nyingi mtafiti huja, hurekodi, huondoka, na sauti ya bibi wa Mtoni husikika katika chuo cha ng'ambo huku wajukuu wake wakiwa hawana hata picha yake. Maktaba ya kata au ofisi ya serikali ya mtaa inatosha kwa kuanzia.

Tano, tarehe 23 Agosti ya kila mwaka, ambayo dunia huadhimisha kumbukumbu ya biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake, isiachiwe Bagamoyo na Unguja peke yao. Uwanja wa Mwembeyanga, Temeke, umebeba mikutano mingi ya siasa. Unaweza kubeba pia usiku mmoja wa ngoma na masimulizi.

Wapo watakaosema kwamba jiji lenye zaidi ya watu milioni tano, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, lina shida kubwa zaidi: maji, mafuriko, ajira. Ni kweli. Lakini wakazi hao wengi wamekuja kutoka kwingine na wanatafuta namna ya kuwa watu wa mji mmoja. Swali hilo hilo lilimkabili mateka aliyeshushwa Mrima akiwa hana ndugu wala lugha ya kuzungumza na jirani, naye alilijibu kwa kuingia uwanjani na kucheza.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ina ukali wake kwa watu ambao hawakuiacha asili yao kwa hiari, bali walinyang'anywa. Wao walijitengenezea asili mpya na kuturithisha. Sisi tulioipokea, tukiiacha ifukiwe na wazee wa Temeke na Kinondoni mmoja baada ya mwingine, hatutakuwa na wa kumlaumu.